Kipima ulevi kipi cha kuamini: cha Kariakoo, cha trafiki, cha mezani kituoni au damu? Nimevilinganisha

Kazi yangu mi ni kusimamia madereva. Mabasi yetu sio mengi ila yanatoka mapema, saa 12 kamili asubuhi gari inatakiwa iwe imeshapita geti la stendi, na kabla haijawashwa suka lazima apulize. Kwahiyo nimeshika vipima ulevi vya bei ya kutupa na vya bei ya kuumiza, nimesimama pembeni ya trafiki wakati anatumia cha kwake, na kila wiki kuna mtu ananiuliza tununue kipi, wakati masuka wenyewe wanauliza kwa upande wao, eti hiki kimashine kinaweza kunisingizia? Nimechoka kujibu mmoja mmoja kwenye simu, nayaweka yote hapa.

Kwanza tuelewane kinachopimwa, maana uongo mwingi unaanzia hapo. Mashine haipimi harufu. Pombe ikishaingia kwenye damu inazunguka nayo mpaka mapafuni, na kwa kuwa pombe inavukika kirahisi, kidogo yake inaruka kutoka kwenye damu na kuingia kwenye hewa iliyoko chini kabisa ya mapafu. Ndo maana trafiki anakwambia "puliza, endelea, endelea, bado", anataka ile pumzi ya mwisho ya chini, sio hewa ya mdomoni. Kwahiyo Big G, karafuu, majani ya mpera, kahawa nzito, vyote hivyo vinambadilishia harufu mtu aliyekaa na wewe siti moja, namba kwenye mashine haina habari navyo.

Sasa hiyo pumzi inageuzwaje kuwa damu? Kwa hesabu tu. Marekani wanachukulia kwamba mililita 2,100 za pumzi ya chini zina pombe sawa na iliyomo kwenye mililita 1 ya damu, Uingereza wanatumia 2,300. Hiyo ni wastani, kila mtu ana ya kwake, na hata mtu yuleyule inabadilika, ukiwa na homa pumzi ina joto na mashine inasoma juu kidogo, ukibana pumzi muda kabla ya kupuliza inapanda kama asilimia 15, ukihema harakaharaka kama umekimbizwa na mbwa inashuka kama asilimia 10. Wapo masuka wanaijua hiyo ya kuhema, wanakuja wanapumua kama wako leba. Sawa bana, ila mwenye miligramu 150 za pombe kwenye mililita 100 za damu akipunguza asilimia 10 anabaki na 135, kalale.

Tuanze na za bei rahisi, zile zinazouzwa Kariakoo na mtandaoni, zingine ndogo kama funguo ya gari, zina kioo kinawaka bluu. Ndani yake kuna sensa ya semikondakta (konda wa daladala hayumo humo), ni kipande cha oksidi ya bati kinachopashwa moto, gesi inayoungua ikikigusa umeme unapita kirahisi zaidi na mashine inageuza hiyo kuwa namba. Tatizo liko hapohapo kwenye neno gesi inayoungua. Pombe ni mojawapo ila sio peke yake, moshi wa sigara una gesi ya kaboni monoksidi, rangi na thina zina mvuke wake, na mtu aliyefunga au mwenye kisukari kisichodhibitiwa anatoa asetoni kwenye pumzi. Kile kipande hakiwezi kutofautisha kati ya hao wote.

Hili limenikuta. Mwezi wa Ramadhani, suka wetu mmoja mtu mzima, swala tano, bia haijui hata ladha, nikampulizisha asubuhi ikasoma 0.02. Nikaona aibu mimi badala yake. Nikasubiri, nikarudia, 0.03. Nikarudia tena, 0.00. Mzee ananiangalia tu, anasema "mwanangu, hiyo yako inaota". Tukatembea wote mpaka kwa trafiki stendi, nikamwomba ampime kwa ya kwao, sifuri, na ya pili sifuri. Gari ikachelewa dakika 25, abiria wamenitukana mpaka ukoo. Yule aliyeniuzia nilipompigia akasema niiache ipoe kwanza. Ipoe!

Sasa sio kwamba hizo za semikondakta hazifai kabisa. Laki moja haifiki, na kama uko nyumbani unataka kujua asubuhi umebakiwa na kitu au vipi, inakupa picha, ikisoma juu sana amini kuna kitu. Ila zinachoka haraka, namba inahama yenyewe taratibu bila kukwambia, miezi sita tu unatakiwa uwe umeshaipeleka kukalibreti (yaani kuipima kwa pombe ya kiasi kinachojulikana na kuirekebisha isome sawa), na nyingi gharama ya kukalibreti inakaribia bei ya kununua mpya, kwahiyo hakuna anayekalibreti. Ukimsimamisha mtu kazi kwa namba ya kimashine cha hivyo unatafuta kesi.

Cha pili ndo hicho unachokiona mikononi mwa trafiki sehemu nyingi duniani, chenye fyueli seli. Hapa ndo ningekushauri usimame kama una magari. Ndani kuna bamba mbili za platinamu na katikati asidi, kipampu kidogo kinavuta kiasi kilekile cha pumzi kila mara, pombe ikigusa platinamu inageuka kuwa asidi ya asetiki, yaani ileile inayoifanya siki iwe siki, na kwenye kugeuka huko inaachia umeme, mashine inahesabu umeme huo. Pombe nyingi umeme mwingi. Asetoni ya mfungaji au ya mgonjwa wa kisukari haiungui kwenye hiyo platinamu kwa kiwango cha kusumbua, kwahiyo yule mzee wangu hapa angekuwa salama kama alivyokuwa salama kwa trafiki.

Inachodanganywa nacho fyueli seli ni pombe yenyewe ikiwa sehemu isiyo sahihi. Mtu kasukutua mdomo na dawa ya kusukutulia asubuhi, baadhi zina pombe zaidi ya asilimia 20, au kanywa dawa ya kikohozi ya maji yenye pombe, au kacheua tu dakika mbili zilizopita baada ya kupiga moja, hapo mashine inakuta pombe mdomoni na inadhani imetoka mapafuni, namba inaruka juu kuliko hata ya mlevi wa kweli. Dawa yake ni muda. Dakika 15 bila kunywa, kula, kuvuta wala kucheua, pombe ya mdomoni inakuwa imekwisha, ya damuni iko palepale. Kwahiyo suka, ukipimwa ukaona namba ya ajabu na unajua hujanywa, usianze kupiga kelele wala kumshika afande shati, omba kwa adabu upumzishwe dakika 15 mbele ya macho yake upulize tena. Kama ni mdomo, namba itaanguka kama jiwe. Kama ni damu itabaki hapohapo, na we mwenyewe utajua.

Na sanitaiza! Siku zile za korona ofisi nzima ilikuwa inanukia, mtu anapaka mikono anashika mashine palepale, hapo hata fyueli seli itasoma kitu maana mvuke ule ni pombe halisi. Pimia nje, mikono mikavu.

Halafu kuna kitu kinawachanganya wengi kuliko sensa, nacho ni vipimo kwenye kioo. Mashine moja inaandika 0.08, nyingine 0.8, nyingine 0.35, nyingine 35, na zote zinasema kitu kimoja! Sheria ya Tanzania inaongelea miligramu 80 za pombe kwa mililita 100 za damu. Kwa asilimia hiyo ni 0.08, kwa gramu kwenye lita ni 0.8, kwa pumzi kwa hesabu ya Waingereza ni mikrogramu 35 kwa mililita 100, ambayo ni 0.35 miligramu kwa lita ya pumzi, na kwa hesabu ya 2,100 ya Wamarekani inakuwa 0.38. Sasa mtu ananunua mashine imesetiwa kwa pumzi, anaona 0.35 anadhani ni asilimia ya damu, anaita ambulansi, maana asilimia 0.35 ya damu ni mtu wa kupoteza fahamu. Au kinyume chake, ambayo ni mbaya zaidi, anaona 0.08 ya asilimia anadhani ni ya pumzi anasema aah kidogo tu hiyo, nenda. Kabla hujatoa hela muulize muuzaji inasoma kipimo gani na inabadilishwaje. Akibabaika, rudisha hela mfukoni.

Hapo hapo niwakumbushe ya jirani zetu. Kenya walipoleta upimaji barabarani Desemba 2013 walitumia kimashine cha Lion Alcoblow, kinatengenezwa na kampuni ya Wales, na jina likawashinda wote, mpaka leo Mkenya haiti kipima ulevi, anaita alcoblow hata kama ni ya kampuni nyingine kabisa. Uzuri wake hakihitaji mrija, unapuliza kwenye kama faneli bila kugusisha mdomo, foleni inaenda. Ubaya wake ndo huohuo, pumzi inachanganyika na hewa ya nje, kwahiyo kinafaa kuchuja nani ana kitu na nani hana, kazi ya namba ya kupeleka mahakamani ni ya mashine nyingine. Na kesi zikaja kweli, 2017 Mahakama ya Rufani ya Kenya ikasema kanuni za kipimo hicho za 2011 zinagongana na Sheria ya Trafiki yenyewe, maana sheria ilikuwa inazungumzia mtu aliyelewa mpaka hawezi kulimudu gari, haikuwa inazungumzia kuvuka namba fulani. Ona, mashine haikushindwa pale, iliyoshindwa ni karatasi.

Tatu ni ile mashine ya mezani. Huku kwetu wengi hawajaiona, ila Uingereza na Marekani ndo inayohukumu watu. Inatumia mwanga wa infraredi. Unapulizia kwenye chemba, upande mmoja kuna taa upande wa pili kuna jicho la kupokea, na molekuli za pombe zina tabia ya kumeza mwanga wa rangi fulani ambayo macho yetu hayaoni, mikromita 3.4 na 9.5, kadiri pombe ilivyo nyingi ndivyo mwanga unaofika ng'ambo unavyopungua. Utamu wake ni kwamba inasoma wakati wote unapopuliza, inachora mstari. Pumzi ya mapafuni inapanda taratibu kisha inatulia, ila pombe ya mdomoni inaruka juu kisha inaporomoka, mashine inaona huo mporomoko inagoma kutoa jibu. Asetoni nayo inameza mwanga karibu na 3.4, kwahiyo nzuri zinaangalia zaidi ya sehemu moja, na zipo kama Dräger Alcotest 9510 ambazo zimeweka infraredi na fyueli seli ndani ya boksi moja, zisipokubaliana zinakataa.

Waingereza wamezizungushia na taratibu nzuri kwa kweli. Cha barabarani ni cha kukushuku tu, kituoni unapuliza mara mbili na wanachukua ile ndogo, kikomo cha sheria ni 35 ila kwa kawaida hawafungui kesi mpaka ifike 40, yaani wamekuachia nafasi ya makosa ya mashine. Scotland wao walishusha kuwa 22 tangu Desemba 2014, kwahiyo mtu anaweza kuwa halali upande mmoja wa mpaka na kosa upande wa pili, haya.

Sasa kabla hujasema basi hiyo ndo ya kununua, sikia ya Marekani. New Jersey mwaka 2018 mahakama ya juu ya jimbo ilitupa matokeo ya vipimo zaidi ya 20,000 vya mashine za Alcotest, kisa nini, askari mratibu aliyekuwa anazikalibreti aliruka hatua moja ya kuhakiki joto kwa kipimajoto kilichothibitishwa. Kipimajoto! Maana zile mashine zinakalibretiwa kwa mvuke wa maji yenye pombe yanayopashwa mpaka nyuzi 34, ambalo ndo joto la pumzi, joto likikosewa kila kitu baada ya hapo kimekosewa. Halafu Massachusetts 2023, mahakama ya juu ya jimbo ikasema vipimo vya kuanzia Juni 2011 mpaka Aprili 2019 visitumike, wanaguswa watu kama 27,000, kwa sababu ofisi iliyokuwa inazitunza haikuwa na utaratibu wa kueleweka wa kukalibreti na ikaficha karatasi zinazoonyesha mashine zimefeli. Hizo ni mashine za bei ambayo ukitajiwa unakaa chini, na zilianguka kwa kitu ambacho kijana wangu ofisini na daftari la kaunta angeweza kukizuia.

Ndo maana mtu akiniuliza mashine gani nzuri, namuuliza, utaikalibreti wapi, kila baada ya miezi mingapi, na nani ataandika? Mi fyueli seli ya kawaida iliyokalibretiwa mwezi uliopita naiamini kuliko infraredi ya mamilioni ambayo stika yake imefutika.

Damu nayo iwekwe kwenye mizani, maana wengi wanasema "mi nataka damu, mashine siitambui". Maabara wanaitenganisha kwa gesi kromatografia, inaonyesha ni pombe ipi na kiasi gani hasa, hakuna kubahatisha na hesabu ya 2,100 wala 2,300. Ila damu ina safari ndefu. Mtu asafishe ngozi yako kwa spiriti kabla ya sindano, tayari doa limeingia. Chupa isipokuwa na dawa ya kuhifadhi, sodiamu floraidi, damu ikikaa na joto letu hili inaweza kuchacha na kutengeneza pombe yake yenyewe. Hospitali wakipima majimaji ya damu badala ya damu nzima namba inatoka juu zaidi ya asilimia 10, lazima irekebishwe. Na saa zinaenda, mwili unaondoa kama miligramu 15 mpaka 20 kwa saa kwenye kila mililita 100 za damu, kwahiyo mtu aliyekamatwa saa 4 usiku akiwa na 90 akatolewa damu saa 7, anaweza kukutwa na 45 akarudi nyumbani anacheka. Kama kweli hujanywa, damu ni rafiki yako. Kama umekunywa, kuchelewa ndo rafiki yako, na afande anajua hilo kabla yako.

Hizo miligramu 15 kwa saa ndo zinanirudisha kwenye asubuhi yangu, maana kesi zangu nyingi hazihusu mtu aliyekunywa asubuhi, ni ya jana. Chukua mwanaume wa kilo 70, bia za nusu lita asilimia 5, kila moja ina kama gramu 20 za pombe. Akinywa nne kuanzia saa 4 usiku, ukipiga hesabu mpaka saa 12 asubuhi amebakiwa na kama 45. Amelala, ameoga, amepiga supu, macho meupe, anaongea vizuri. Sheria ya 80 hajaivunja ila kwetu tunataka sifuri, harudi kwenye usukani. Akinywa sita, saa 12 asubuhi ana kama 130, yaani amevuka mpaka kikomo cha sheria, na anakuapia kwamba jana alikunywa, leo hajagusa. Hadanganyi! Ila kwenye damu bado ni jana. Kimashine cha semikondakta hapa kwenye 45 ndo kinakuangusha, kitasoma 20 kwa huyu na 60 kwa yule, na wewe unatakiwa uamue siti 60 za watu.

Kwahiyo mchanganuo wangu uko hivi. Mtu binafsi, nunua semikondakta kama unapenda vimashine, ukikuta chochote juu ya sifuri acha funguo, usianze kubishana nayo. Mwenye daladala mbili tatu au mabasi, chukua fyueli seli yenye mrija wa kubadilisha, hesabu bei ya mirija ya mwaka mzima na kukalibreti mara mbili humohumo kwenye bajeti, maana nimeona mtu kanunua mashine ya laki kadhaa halafu mrija mmoja unapita midomo kumi na mbili, kifua kikuu nacho ni abiria. Infraredi waachie vituo na serikali, inataka umeme, meza, na fundi. Damu iite tu pale ambapo kuna ajali au suka anakataa namba, na iite mapema.

Sisi tunazo mbili za fyueli seli sasa hivi, na mpango ni rahisi: suka akisoma chochote juu ya sifuri anakaa kwenye benchi dakika 15 bila kugusa kitu, anapuliza ya pili kwenye mashine ya pili, namba zote mbili zinaandikwa daftarini na saa yake na anasaini yeye na mimi. Zikitofautiana sana mashine zote mbili zinaenda kukalibretiwa na gari inaondoka na suka wa akiba. Yule mzee wa swala tano ndo aliyependekeza hiyo benchi, na ndo huwa anaikalia wa kwanza kila asubuhi akisubiri zamu yake, na chai ya rangi mkononi.